Njia ya Pili Iwe Macho

Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota nchini. Hapa Kigoma nasikia watu wakidai njia ya pili. Naafiki, lakini njia ya pili peke yake haitoshi.

Tuseme studio ya Dar es Salaam inalisha mitambo ya mikoani kwa utaratibu wa maltikasti. Hutuma nakala moja tu. Mashine za njia panda, yaani ruta, huirudufu kwa matawi yaliyoiomba. Kila ruta hutunza orodha ya maombi. Njia kuu ikikatika, ruta za njia ya pili hazina orodha hiyo. Mpaka ziombwe upya, mtambo wa Kigoma uko kimya, na mvuvi wa dagaa hasikii onyo la upepo.

Dawa, iliyoandikwa na mafundi wa intaneti mwaka 2015, ni kuomba kwa njia zote mbili mapema: nakala mbili zifike, moja itumike, nyingine itupwe. Ni gharama, na nyaya zisipite mtaro mmoja. Lakini kafi la akiba hukaa mtumbwini, haliachwi ufukweni.