Saa ya Redstone Ikigoma Kupiga

Jaribu kujenga saa ndogo ya redstone ndani ya gemu ya Minecraft. Unahitaji ripita mbili tu, yaani vipande vinavyochelewesha umeme. Zilaze sambamba, kila moja ikitazama upande wake, kisha unganisha ncha zao kwa unga wa redstone, unaopitisha umeme, mpaka njia ijifunge duara. Tega kila ripita kwenye ucheleweshaji wake mkubwa kabisa, sekunde 0.4. Bandika kitufe cha jiwe pembeni, ubonyeze. Ulichotaka ni mpigo mmoja wa umeme uzunguke bila kukoma, uwe unafungua na kufunga mlango wa ngome yako. Badala yake duara zima linawaka jekundu na kubaki hivyo hivyo. Kitufe kimesharudi, lakini hakuna kinachozimika.

Wajenzi wengi wakifika hapa huanza kubomoa. Wanang'oa ripita na kuweka nyingine, wanafuta unga na kuumwaga upya, na tatizo linabaki palepale kwa sababu hakuna kipande kibovu. Kila kimoja kinafanya kazi yake sawasawa. Kinachogombana ni muda.

Tupige hesabu, maana jibu zima limo humo. Unga wenyewe haucheleweshi umeme hata kidogo, kwa hiyo duara la ripita mbili lina sekunde 0.8 tu. Kitufe cha jiwe, katika toleo la Java, kikibonyezwa hutoa umeme kwa sekunde 1 kamili. Kichwa cha mpigo kinamaliza mzunguko na kurudi kilikoanzia wakati mkia wake bado unatoka kwenye kitufe. Pengo la giza kati ya mkia na kichwa halikuwahi kuwepo, na bila pengo hilo hakuna saa.

Basi ongeza ripita ya tatu. Duara sasa lina sekunde 1.2, na kitufe kinashika sekunde 1, hivyo kuna pengo la sekunde 0.2. Ungedhani linatosha, lakini duara linaganda tena. Hapa ndipo mambo yanaponoga. Ripita ikiona umeme umekatika haizimi hapo hapo. Inajipangia kuzima baada ya sekunde 0.4, na muda huo ukitimia inaangalia tena. Ikikuta umeme umesharudi, inaendelea kuwaka kana kwamba haukukatika. Pengo lolote lililo fupi kuliko ucheleweshaji wa ripita linamezwa. Weka ripita nne: duara linafika sekunde 1.6, pengo linakuwa sekunde 0.6, na saa inaanza kupiga, sekunde 1 ya mwanga na 0.6 ya giza.

Si ajabu ya gemu peke yake. Geti la kielektroniki ndani ya chipu halisi nalo haligeuki papo kwa papo, na mpigo mfupi kuliko muda wake wa kugeuka hupotea bila kufika upande wa pili. Jambo hilo ni la kawaida kiasi kwamba VHDL, lugha ambayo wahandisi huitumia kueleza saketi kabla hazijatengenezwa, huchukulia ucheleweshaji wa aina hiyo kuwa ndio wa kawaida usipoiambia vingine. Kijana aliyehangaika na ripita tatu mpaka akaelewa amejifunza somo la uhandisi, hata kama hakuna aliyemwambia.

Ugumu ni kuliona tatizo, kwa kuwa jicho ni zito. Gemu hupiga hatua 20 kwa sekunde, na ucheleweshaji wa ripita huenda kwa hatua mbili mbili, yaani sehemu ya kumi ya sekunde. Wengi huweka taa ya redstone kwenye njia ili waone umeme ukipita, na taa hiyo inawadanganya. Huwaka mara moja, lakini kuzima huichukua hatua nne, sekunde 0.2. Giza la sekunde 0.1 likipita, taa haitalionyesha, nawe utaapa kwamba umeme haukukatika. Nashauri usitazame taa, tazama ripita zenyewe na wekundu wa unga.

Na dunia ipunguze mwendo. Tangu toleo la Java 1.20.3, lililotoka Desemba 2023, kuna amri ya /tick. Ukiandika /tick rate 2, gemu inaenda hatua mbili kwa sekunde, mara kumi polepole kuliko kawaida. Ukiandika /tick freeze, vitu vyote husimama isipokuwa wachezaji, na /tick step inakupa hatua moja kila unapoiita. Ukiwa na karatasi pembeni unaweza kuandika: hatua ya 8 ripita ya kwanza imewaka, hatua ya 16 ya pili imewaka. Fundi wa redio hufanya hivyo kwa osiloskopu. Kwangu mimi, amri hii ina faida kuliko video mia za kufundisha redstone, kwa kuwa inakufanya uamini ulichokiona na sio ulichokidhania.

Kabla hujailaumu saketi, kagua mambo mawili yaliyo nje yake. Dunia ya Minecraft imekatwa vipande vya bloku 16 kwa 16, na vipande vilivyo mbali na mchezaji hulala. Saa iliyokalia mpaka wa vipande viwili inaweza kulala nusu, mpigo ukapotea. Pili, seva ikilemewa, hatua 20 kwa sekunde hushuka, na saa yako inachelewa ukilinganisha na ile ya ukutani, ingawa ukihesabu kwa hatua haijakosea.

Kasoro inayochosha kuliko zote ni ile inayokuja na kuondoka. Chukua mlango unaosubiri saa mbili ziwake pamoja, moja ya sekunde 1.6 na nyingine ya sekunde 2. Saa hizo hurudi kwenye mpangilio uleule kila baada ya sekunde 8, na katikati hapo hupishana kila namna. Mlango utaonekana una kichaa. Dawa ni kuwa na saa moja tu na kuigawanya. Saa ya mkononi ya kwatzi hufanya hivyo: kijiwe chake hutikisika mara 32,768 kwa sekunde, saketi inagawa kwa mbili mara 15, na mwisho unabaki mpigo mmoja kwa sekunde. Vipigo vyote vikitoka kwenye chanzo kimoja, haviwezi kuachana.

Kwa muda mrefu zaidi watu hutumia hopa mbili zinazotazamana na kupeana vitu, kimoja kila sekunde 0.4. Vitu kumi huvuka kwa takriban sekunde 4, kisha mwelekeo unageuka. Ni saa nzuri, lakini ina kasoro ya kimyakimya: hopa huokota chochote kinachoanguka juu yake. Yai la kuku aliyekatiza hapo, au punje ya mbegu iliyomponyoka mchezaji, na muda wa saa hauko tena ule ulioupanga. Ukikuta shamba lako linavuna kwa kuchelewa ilhali saketi haijaguswa, fungua hopa kwanza. Ondoa kilichozidi, funika hopa zote mbili kwa bloku ngumu, na bandika kibao ukutani chenye idadi ya vitu vinavyotakiwa kuwemo.