Mwana Mwenye Damu Moto na Mchezo wa Kitara

Tulipokwenda Kiserian kwa darsa ya akina mama, swali lililorudiwa zaidi halikuwa la twahara wala la mirathi. Lilikuwa la wavulana. Familia kadhaa za pwani zilizohamia huko kwa ajili ya kazi za Nairobi zimepanga nyumba katika ploti zenye ua usiotosha hata kuanika nguo za wiki, na ndani ya nafasi hiyo yumo mwana wa miaka tisa au kumi na mmoja ambaye kwake kuketi ni adhabu. Ukuni huugeuza upanga, marfaa huifanya ngao, na mdogo wake ndiye adui. Mama mmoja alituuliza kama ipo dua ya kumtuliza mwanawe. Dua tulimpa. Kisha tukamuuliza ni lini mara ya mwisho mtoto huyo alipotokwa na jasho la kweli, na hakukumbuka.

Hatumwiti mtoto kama huyo mtukutu. Wazee wetu wa Lamu na Mombasa walikuwa na watoto wa namna hiyo hiyo, lakini walikuwa na bahari ya kuwachosha: kupiga mbizi, kupanda minazi, kusukuma mashua maji yanapojaa. Kiserian hakuna bahari. Jirani wa Kimaasai ana mbuzi, na mwanawe hushinda malishoni na fimbo yake chini ya vilima vya Ngong, akarudi jioni amechoka salama. Mwana wetu amekaa katikati ya hayo mawili, hana bahari wala mbuzi. Ana kuta nne na simu ya mama.

Mchezo tunaotaka kuueleza leo ni wa kitara. Kitara kwa asili ni upanga uliopinda, lakini jina limeukaa mchezo mzima, hata pale unapochezwa kwa upanga ulionyooka. Wawili husimama kwenye njia yenye urefu wa mita 14 na upana usiozidi mita 2, wamevaa kofia ya wavu wa chuma inayofunika uso wote, koti zito na glovu. Panga zao hazina makali, na nyepesi kati yake hazizidi gramu 500. Katika raundi za mwanzo za mashindano hutafutwa miguso mitano ndani ya dakika tatu. Dakika tatu ni kidogo kwa msomaji aliyeketi. Kwa aliyepiga magoti nusu, akienda mbele na kurudi nyuma kwa nyayo fupi fupi, ni nyingi mno.

Lakini jasho si jambo kubwa lililotuvutia, kwa kuwa hata mpira hutoa jasho. Lililotuvutia ni sheria ya upanga uitwao foili. Ukishambuliwa, huna ruhusa ya kujibu tu kwa hasira. Yakupasa kwanza uuondoe upanga wa mwenzako, ndipo ujibu. Wawili wakigusana kwa pamoja, mwamuzi humpa alama yule aliyestahiki, na yule aliyekurupuka hapati kitu hata kama upanga wake umefika. Tafakari, mama, ni mara ngapi umemwambia mwanao asubiri kabla ya kurudisha pigo. Huku anaambiwa neno hilo hilo, na mwili wake wenyewe unamfundisha kwa nini. Tena kabla ya mchezo na baada yake lazima atoe salamu kwa upanga kwa mpinzani wake. Asiyetaka kusalimu huadhibiwa.

Wapo watakaosema kuwa huku ni kuwapa watoto silaha. Hofu hiyo tunaiheshimu, kwani sisi sote tunajua katazo la Mtume (s.a.w.) la kumwelekezea ndugu yako silaha. Lakini imepokewa pia katika Sahihi mbili kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini mwake siku ya Idi, na Bibi Aisha (r.a.) akawatazama akiwa nyuma yake mpaka akatosheka. Sayyidna Umar (r.a.) alipookota changarawe ili awarushie, Mtume alimwambia awaache. Kuna tofauti basi kati ya kutisha na kucheza kwa utaratibu. Liko na suala la uso, ambao tumekatazwa kuupiga. Katika epei mwili mzima hulengwa, kichwa kikiwemo. Katika seba hulengwa kuanzia kiunoni kwenda juu. Foili hulengwa kiwiliwili peke yake. Kwa sababu hiyo, mzazi akituuliza, tutamwambia aanze na foili.

Wala si jambo geni kwetu. Lamu huchezwa kirumbizi hadi leo, harusini na wakati wa Maulidi: wawili huingia uwanjani na fimbo zao, zumari ikilia, mmoja akipiga na mwingine akikinga, na anayekasirika huonekana mjinga mbele ya watu.

Kwa Kenya mchezo wa kitara bado ni mchanga. Alexandra Ndolo, aliyezaliwa Ujerumani kwa baba Mkenya, alipata medali ya fedha ya dunia mjini Cairo mwaka 2022 chini ya bendera ya Ujerumani, kisha akahamia bendera ya Kenya, na Paris mwaka 2024 akawa wa kwanza kuichezea nchi hii kitara katika Olimpiki. Upande wa Mathare na Huruma, Mburu Wanyoike ameanzisha klabu ya Tsavora, ambako vijana wa mitaa ile hufundishwa kitara wapate la kufanya lisilokuwa magenge. Kama watoto wa Huruma wameweza, umaskini wa uwanja si udhuru wa kutosha kwa Kiserian.

Na mabinti je? Tuliulizwa, na swali ni la haki. Ibtihaj Muhammad wa Marekani alicheza Rio mwaka 2016 akiwa na hijabu, akarudi na medali ya shaba pamoja na timu yake. Mavazi ya mchezo huu hufunika mwili kuliko ya michezo mingi tuijuayo.

Ugumu tusiufiche. Vifaa ni ghali, na kutoka Kiserian hadi mjini kupitia Rongai, msongamano wa barabara ya Magadi unaweza kula jioni nzima. Ndiyo maana tuliwashauri akina mama wale wasimtafutie kila mtoto mwalimu wake, bali watoto wanane au kumi wakusanywe na mwalimu aitwe kwao Jumamosi, baada ya Alasiri, amalize kabla ya Magharibi. Mwezi wa mwanzo hauhitaji hata upanga: ni kusimama, kusonga na kurudi nyuma, na kwa hilo kipande cha sakafu tambarare chatosha. Vifaa vya kushirikiana vinunuliwe baadaye, kofia zikitangulia panga. Na fimbo za kuni zirudi jikoni, kwa kuwa jicho la mtoto halina badala.