Kuziba Ufa au Kubomoa Ukuta? Marekebisho ya Kiwambo cha Maandishi katika Kiini cha Linux

Utangulizi

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakuitaja hali ya tatu, ambapo ukuta wenyewe hubomolewa kwa kuwa hapana aliye tayari kuendelea kuuziba. Hali hiyo ilitokea katika kiini cha Linux mnamo Septemba 2020. Makala hii inanuia kueleza jinsi dosari za uonyeshaji wa maandishi zinavyorekebishwa katika kiini hicho, na kuonyesha kwamba kazi hiyo haiko mbali na uhakiki wa matini tunaoufanya sisi wanafunzi wa Kiswahili.

Kiini na kiwambo

Kila tarakilishi huongozwa na mfumo endeshi. Sehemu ya ndani kabisa ya mfumo huo, inayogawa kumbukumbu na kuviamuru vifaa vya mashine, ndiyo kiini. Kiini cha Linux kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Msimbo wake u wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuunakili na kupendekeza marekebisho.

Mashine inapowashwa, kabla ya picha na madirisha kujitokeza, aghalabu huonekana mistari ya maandishi meupe juu ya weusi. Hapo ndipo kiini chenyewe husema na mtumiaji. Tupaite kiwambo cha maandishi. Programu inayopeleka herufi huko huitwa kiendeshi. Katika mashine za VGA, zilizoletwa na kampuni ya IBM mwaka 1987, kiwambo cha kawaida kilikuwa na safu wima 80 na mistari 25, yaani visanduku 2,000. Kila kisanduku kilihitaji baiti mbili: moja ya herufi na nyingine ya rangi. Kiendeshi kiliandika tu, na mashine ikachora. Baadaye kilikuja kiendeshi kiitwacho fbcon, ambacho huchora kila herufi nukta kwa nukta. Hesabu zake ni nyingi, na penye hesabu nyingi makosa hayakosi.

Kete iliyoanguka nje ya bao

Kiwambo kikijaa, mstari wa juu hutoweka ili kuupisha mpya wa chini. Kwa miaka mingi mtumiaji aliweza kubonyeza vitufe vya Shift na PageUp akaisoma mistari iliyokwisha kupita, kwa kuwa kiendeshi kilikuwa kimeihifadhi pembeni. Manufaa yake yalikuwa dhahiri: mashine inapokwama, sababu mara nyingi imo katika mistari ambayo haionekani tena.

Dosari ilijitokeza pale ukubwa wa kiwambo ulipobadilishwa. Tuchukue mfano wa mchezo wa bao. Ubao una mashimo 32. Katikati ya mchezo ubao huo unaondolewa na kuwekwa mwingine ulio mdogo, lakini mchezaji anaendelea kusambaza kete kwa hesabu ya ule wa kwanza. Kete za mwisho zitaanguka nje. Vivyo hivyo, kiendeshi kingeweza kuandika nje ya nafasi kilichotengewa. Tofauti ni kwamba nje ya bao pana mkeka, ilhali ndani ya kiini nje ya nafasi yako pana mali ya jirani. Mashine ingeweza kukwama, na haikuwezekana kukanusha kabisa kwamba mdukuzi angejipatia mamlaka asiyostahili. Dosari hiyo ilisajiliwa kwa nambari CVE-2020-14390.

Njia ya marekebisho

Hatua ya kwanza ya mrekebishaji ni kulirudia kosa kwa makusudi, maana kosa lisilorudika haliwezi kuthibitishwa kuwa limeondoka. Zipo programu, kama vile syzkaller ya Google, ambazo kazi yake ni kukitupia kiini maagizo ya ovyo mfululizo hadi kiteleze. Pili, hutafutwa badiliko lililoleta kosa. Historia ya msimbo huhifadhiwa katika Git, programu ambayo Torvalds aliianzisha mwaka 2005. Historia hiyo hugawanywa nusu kwa nusu. Ukishuku mabadiliko 1,000, majaribio kumi hivi yanatosha kukufikisha kwenye badiliko moja. Tatu, huandikwa kiraka, yaani mistari ya kuondolewa na ya kuongezwa, pamoja na maelezo ya sababu zake. Nne, kiraka husomwa na wenzake pamoja na mtunzaji wa sehemu hiyo, na kinaweza kurudishwa mara kadhaa kabla ya kukubaliwa.

Aliyewahi kulinganisha miswada ya utenzi mmoja ataitambua kazi hii. Yeye pia hutafuta nakala ambamo neno lilibadilika kwanza, hutetea usomaji anaouchagua, na huacha kumbukumbu ili ajaye aweze kumsahihisha.

Uamuzi wa kubomoa

Hata hivyo, Torvalds hakuuziba ufa huu. Aliondoa msimbo wote wa kuhifadhi mistari iliyopita, katika fbcon na katika kiendeshi cha VGA pia. Hoja yake ilikuwa kwamba msimbo huo una mambo madogo madogo ya kutatanisha ambayo hapana aliye tayari kupambana nayo, na kwamba kiwambo hicho si tena njia kuu ya watu kutumia mashine zao. Toleo la 5.9 lilipotoka Oktoba 2020, huduma hiyo haikuwamo. Waliokuwa bado wakiitegemea waliikosa.

Mwaka uo huo, uharakishaji wa usogezaji wa mistari katika fbcon ulizimwa vilevile, na baadaye msimbo wake ukaondolewa. Huo haukupotea. Mapema mwaka 2022 Helge Deller alijitwika utunzaji wa eneo hilo, na msimbo huo ukarejeshwa. Kisa hiki cha pili kinatuonyesha kilichokosekana katika cha kwanza: mtu.

Hitimisho

Jambo hili linatuhusu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyiwa kazi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Msimbo wazi uliiruhusu kazi hiyo ifanyike bila kuomba idhini ya kampuni yoyote. Lakini ruhusa si uhai. Kila toleo jipya la programu huja na maneno mapya, na tafsiri isiyo na mtunzaji hubaki nyuma, sawa na orodha za istilahi tunazozitunga makongamanoni kisha tukazifungia makabatini.

Ni kawaida yetu kuuliza nani ataunda istilahi. Yafaa tuulize pia nani atazisoma tena mwakani, aone lililopitwa na wakati, alirekebishe na aandike kwa nini. Mwanafunzi mmoja akikubali kuitunza orodha moja ya istilahi hadi ahitimu, kisha akamkabidhi mwenzake, atakuwa ameanza kazi ambayo msimbo wa mwaka 2020 ulikosa wa kuifanya.