Moyo ukisimama na umeme ukishindwa: mashine ya ECMO

Tarehe 12 Juni 2021, mchezaji wa Denmark, Christian Eriksen, alianguka uwanjani Copenhagen wakati wa mechi dhidi ya Finland. Moyo wake ulikuwa umesimama. Alikandamizwa kifua palepale, akashtuliwa kwa umeme, akazinduka. Miezi minane baadaye alikuwa akicheza Ligi Kuu ya Uingereza.

Lakini, msikilizaji, si kila moyo huitikia umeme. Wapo wanaoshtuliwa mara tatu au zaidi na moyo ukabaki ukitetemeka tu, bila kusukuma damu. Kwa wagonjwa kama hao, baadhi ya hospitali kubwa hutumia mashine iitwayo ECMO.

Mashine hii haitibu moyo. Mrija mnene huingizwa kwenye mshipa mkubwa wa pajani na kuvuta damu nje ya mwili. Pampu huipitisha damu hiyo kwenye pafu la bandia, ikapata oksijeni na kutoa hewa chafu, kisha huirudisha mwilini kwa mrija mwingine. Ubongo unaendelea kupata damu hata moyo ukiwa kimya, na madaktari wanapata muda wa kutafuta chanzo. Mara nyingi ni mshipa wa moyo ulioziba, nao huuzibua.

Je, inaokoa? Katika utafiti wa Minneapolis, Marekani, uliochapishwa 2020, wagonjwa 6 kati ya 14 waliowekewa mashine walitoka hospitali wakiwa hai. Waliopata huduma ya kawaida ni 1 kati ya 15. Uholanzi ilijaribu katika hospitali 10, na matokeo ya 2023 hayakuonyesha tofauti ya maana. Mashine ni ileile. Huenda kilichotofautiana ni uzoefu wa timu na dakika zilizopotea njiani.

Tena utafiti huo wa Uholanzi ulichukua wale tu waliokuwa wamekandamizwa kifua na mtu aliyekuwapo walipoanguka. Bila mtu huyo, ubongo huanza kufa ndani ya dakika chache, na mashine humkuta mgonjwa amechelewa.

Kazi hiyo haihitaji mashine. Mtu mzima akianguka, haitikii na hapumui kawaida (kukoroma kwa vipindi si kupumua), mwambie mwenzako apige simu ya msaada. Piga magoti, weka kiganja katikati ya kifua na kingine juu yake. Bonyeza kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kirudi juu kila mara. Inachosha haraka, kwa hiyo pokezaneni.