Mikono na Miguu katika Kiingereza

Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya misemo ya Kiingereza inayotaja viungo vya mwili. Ni mingi sana, na mwenye kuifasiri neno kwa neno aweza kuwapoteza watu wa nyumba yake.

Tufikiri jamaa walioletewa barua ya Kiingereza, yenye habari za mzee wao aliye mgonjwa mbali. Imeandikwa, “He is on his last legs.” Kijana asomaye aona neno la miguu, asema, “Mzee amesimama kwa miguu yake.” Wote wafurahi, wala hawafungi safari. Kumbe maana yake mzee yu karibu kufa! Lau ingaliandikwa, “He is on his feet again,” furaha yao ingalikuwa ya haki, kwani huyo amepona.

Sisi husema mguu tangu pajani hata vidoleni. Waingereza wameugawa: “leg” ni tangu pajani hata kifundoni, na “foot” ni kutoka hapo hata vidoleni. Mkono kadhalika: “arm” ni tangu begani, na “hand” ni kitanga na vidole. Kila sehemu ina misemo yake. Jambo lililo “at hand” li karibu. Bali mtu awekwaye “at arm's length” hatakiwi kukaribia.

Nasi tunayo yetu. Mwenye mkono wa birika ni bahili, na mwenye mkono mrefu ni mwizi. Lakini kwa Kiingereza mkono mrefu ni wa sheria, umfikiao mkosaji popote ajifichapo.

Misemo mingine yatoka katika Biblia. Mwingereza akisema ananawa mikono kwa jambo fulani, hahitaji maji. Akumbusha tendo la Pilato katika Mathayo 27, yaani akataa kuchukua dhima. Akisema mkuu fulani ana miguu ya udongo, aonyesha udhaifu uliofichika, kama ile sanamu katika Danieli 2.

Basi, walimu na wazazi, twawasihi: mtoto akikuta kiungo cha mwili mahali kisipotazamiwa, asifanye haraka. Na asome habari yote, kisha ajiulize, “Sisi tungesemaje jambo hili?” Asipojua, na aulizwe ajuaye. Ni heri barua ingoje hata jioni, kuliko mzee afe asiwaone watu wake.