Je, Kichekesho Lazima Kiumize? Funzo la Watani wa Ziwa Mweru

Kila mwaka tunapofika kwenye mada ya utani katika somo la fasihi simulizi, swali moja huzuka darasani: je, ni lazima mtu mmoja aumizwe ndipo wengine wapate kucheka? Wapo wanafunzi wanaojibu ndiyo. Kwao, kichekesho kisicho na mtu wa kuchekwa ni kama mchuzi usio na chumvi. Wengine hushikilia kwamba kucheka kasoro za mtu ni ukatili, hata ukivishwa nguo ya mzaha.

Ubishi huu si wa leo. Katika karne ya 17, mwanafalsafa wa Kiingereza Thomas Hobbes alieleza kwamba kicheko ni fahari ya ghafla inayotupata tunapoona udhaifu wa mwenzetu na kujiona bora kuliko yeye. Ikiwa Hobbes alisema kweli, basi kichekesho bila ubaya hakiwezekani. Sisi tunadhani hakuona mambo yote. Ili kueleza kwa nini, tunawaomba wasomaji waandamane nasi mpaka ufukoni mwa Ziwa Mweru.

Chui, Mbuzi na Mvua

Nchelenge ni wilaya ya Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Iko kando ya ziwa, na ng'ambo yake ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako kuna mji uitwao Kilwa. (Wanafunzi wasiuchanganye na Kilwa ya pwani ya Tanzania!) Wachuuzi wa samaki huvuka huku na huko, na kwa sababu hiyo Kibemba cha upande mmoja hukutana na Kiswahili cha Kongo cha upande wa pili.

Bonde la Luapula lina watu wa asili nyingi: Washila waliokuwa wavuvi wa zamani, Walunda wa Mwata Kazembe, Wabwile, Watabwa, Wabemba na wengineo. Ian Cunnison, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti huko na kuchapisha kitabu chake mwaka 1959, alionyesha kwamba watu hao wamegawanyika pia katika koo zenye majina ya wanyama, mimea na vitu, na kwamba koo hizo hutaniana kufuatana na majina yao.

Ukoo wa Chui hutaniana na ukoo wa Mbuzi, kwa kuwa chui hula mbuzi. Uyoga hutaniana na Kichuguu, kwa kuwa uyoga huota juu ya kichuguu. Tembo hutaniana na Udongo, kwa kuwa inasemekana zamani wanawake walichonga udongo penye nyayo za tembo wakapata vyombo. Ukoo wa Chuma huzitania koo zote za wanyama, maana mkuki na risasi ni chuma. Lakini Chuma nacho kisijivune: ukoo wa Mvua hujiona mkubwa kuliko Chuma, kwa kuwa mvua hukitia kutu, tena hujiona mkubwa kuliko koo zote, kwa kuwa bila mvua hakuna mnyama atakayeishi wala ugali utakaosongwa.

Wanafunzi wa isimu watafurahi kusikia majina yenyewe kwa Kibemba: mbuzi ni *mbushi*, mvua ni *mfula*, na tembo ni *nsofu*, neno linalotukumbusha *ndovu* yetu. Ni lugha ndugu, na utani wake nao ni ndugu wa utani wetu.

Mtani ndiye mzishi

Tuseme mtu wa Chui amekutana sokoni na mtu wa Mbuzi. Anaweza kumwambia, "Naona umenona, leo sipiki." Naye Mbuzi akajibu, "Nile tu, lakini kesho utalia njaa." Maneno haya yakitoka kwa mtu mwingine ni tishio. Hapa kila anayesikia anacheka. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni kwamba Mbuzi ana haki ya kujibu, na jibu lake halimletei adhabu. Utani ni njia ya kwenda na kurudi. Sababu ya pili ni kwamba kinachochekwa ni jina la ukoo, jambo ambalo kila mtu analijua na ambalo halimwaibishi mtu binafsi. Hasemwi kilema chake wala ufukara wake.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa zaidi. Audrey Richards, aliyeandika kuhusu koo za Wabemba mwaka 1937, alieleza kwamba koo zinazotaniana ndizo pia zinazozikana. Kwa Kibemba watani hao huitwa *banungwe*. Anayekuita kitoweo leo ndiye atakayekubeba siku ukifa. Kejeli yake ina deni nyuma yake.

Wasomaji wa Tanzania watalitambua jambo hili mara moja. Utani wa makabila, kama ule wa Wazaramo na Wanyamwezi, unahusishwa na misafara ya biashara ya karne ya 19; utani mwingine ulizaliwa baada ya vita, maadui walipopatana. Wabemba na Wangoni wa Zambia, ambao mababu zao walipigana katika karne hiyo hiyo, leo ni watani wakubwa. Na kote huko msiba ndio uwanja wa mtani. Yeye humwigiza marehemu, huzuia jeneza mpaka apewe chochote, huwachekesha wafiwa wakiwa bado na machozi. Kisha hushika jembe na kuchimba kaburi.

Hapa ndipo tunapotofautiana na Hobbes. Kicheko cha watani hakitokani na mmoja kujiona bora. Hutokana na kujua, kwa pande zote mbili, kwamba tishio si la kweli. Maneno ni makali, lakini ukali huo ni kipimo cha jinsi wanavyoaminiana.

Masharti yakivunjwa

Lugha yetu inayajua haya. Kiswahili kina *utani* na *mzaha*, lakini kina pia *kejeli*, *dhihaka*, *kebehi* na *kijembe*. Maneno yanayosemwa yanaweza kuwa yale yale. Kinachobadilika ni uhusiano wa msemaji na msemwa. Utani unamhitaji mtani, yaani mtu wa upande wa pili mwenye nafasi sawa. Dhihaka haimhitaji, inahitaji shabaha tu. Ndiyo maana wahenga wakaonya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Eneo letu limeuona usaha huo. Redio RTLM ya Rwanda, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, iliwavutia wasikilizaji kwa muziki na mizaha kabla na wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Watutsi walichekwa redioni, na hawakuwa na kipaza sauti cha kujibu. Aliyewacheka hakuwa na deni la kuwazika kwa heshima. Na tishio lilikuwa la kweli. Masharti yote matatu yalikuwa yamevunjwa, ingawa wapo waliocheka.

Hatusemi kwamba utani wa jadi hauna dosari. Mtani mwenye chuki anaweza kujificha nyuma ya desturi, na aliyechokozwa akalazimika kutabasamu kwa kuwa "ni utani tu". Tena kuku aliyechukuliwa zamani na mtani bila malalamiko, leo aweza kumfikisha mtu polisi. Desturi hii inafanya kazi pale tu pande zote zinapoikubali.

Turudi darasani

Kwa nini tunayaandika haya katika jarida la walimu na wanafunzi wa Kiswahili? Kwa sababu vichekesho vya lugha tunavyo madarasani mwetu. Mwanafunzi aliyekulia Kongo husema *batoto* pale ambapo vitabu vyetu vinasema *watoto*, na darasa zima huangua kicheko. Tumewahi kucheka nao, kisha tukaona kwamba mwanafunzi huyo hakunyoosha mkono tena kwa wiki kadhaa. Kicheko kile tulikiita utani. Kwa kweli hakikuwa utani, kwa sababu yeye mmoja alichekwa na wengi, kwa Kiswahili kilichopewa cheo juu ya chake, na mbele ya mwalimu mwenye kutoa alama.

Tangu hapo tumejiwekea utaratibu mdogo. Kabla ya kucheka tunajiuliza maswali matatu: Je, anayechekwa anaweza kujibu? Je, tunacheka jina au tunacheka jeraha? Je, tungekuwa tayari kumbebea mzigo wake kesho? Jibu likiwa ndiyo mara tatu, na tucheke mpaka mbavu ziume. Mwanafunzi wa Kongo naye apewe zamu ya kuucheka Usanifu wetu na ngeli zake. Ana mengi ya kusema, na yanachekesha.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: kichekesho chaweza kuwa kikali bila kuwa kiovu. Chui na Mbuzi wa Luapula wametishiana kuliwa kwa vizazi vingi, na bado wanazikana.

Wasomaji wenye mifano ya watani wa kwao tunawakaribisha watuandikie. Wasio na watani, watafuteni mapema.