Je, ukizirai leo nani ataitwa?

JE, msomaji, ukizirai leo kituoni ukingoja matatu, wasamaria wema watampigia nani? Simu yako huenda ina majina 300, lakini umeifunga kwa nambari ya siri. Na hata wakiifungua watakuta "Fundi", "Ploti" na "Mama Mboga". Mama yako mzazi na mwenye nyumba wako wamepangwa kwa alfabeti, kana kwamba wana uzito mmoja maishani mwako.

Wakazi wa Huruma, jijini Nairobi, wanalielewa jambo hili. Usiku wa Aprili 29, 2016, mvua kubwa ikinyesha, jumba la ghorofa sita liliporomoka mtaani humo na kuua watu zaidi ya 50. Mtoto mchanga wa kike alitolewa akiwa hai baada ya saa 80 hivi, na wengine wakaokolewa siku ya sita. Chama cha Msalaba Mwekundu kiliweka meza ya kuwasaidia watu kutafuta jamaa zao. Katika kazi kama hiyo, swali la kwanza huwa: huyu ni wa nani?

Jibu si rahisi katika mitaa ya vyumba vya kupanga. Jirani anakujua kama Mama Brayo au Baba Shiro. Hospitali inataka jina la kitambulisho.

Uhusiano kwanza

Mwaka 2005, Bob Brotchie, mhudumu wa ambulensi nchini Uingereza, alishauri kila mtu atie herufi ICE kwenye jina la ndugu wa kupigiwa simu. Herufi hizo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "wakati wa dharura". Ubora wa wazo lake ni kwamba jina linatambulishwa kwa uhusiano. Siku hizi simu nyingi za kisasa zinaweza kuonyesha majina ya dharura bila kufunguliwa. Ikiwa yako ni ya kubonyeza, andika kikaratasi na ukiweke pamoja na kitambulisho.

Lakini uhusiano haufai siku ya ajali pekee. Mwaka 2010, Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya matokeo ya uchunguzi 148 uliohusu watu zaidi ya 300,000. Waligundua kuwa wenye uhusiano wa karibu na wenzao walikuwa na nafasi ya kuendelea kuishi iliyozidi ya wengine kwa asilimia 50. Mwaka 2025, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa mtu mmoja kati ya kila sita duniani anasumbuliwa na upweke. Unaweza kuwa mpweke hata katika ploti yenye vyumba 40.

Fanya hivi

Chukua daftari dogo, au ukurasa katika simu yako, uandike watu 10 tu, ukianza na wa karibu zaidi. Kwa kila mmoja andika:

• Jina la kitambulisho na lile la mtaani.

• Uhusiano wenu, kwa mfano dada, shemeji au jirani.

• Nambari ya mtu wa pili anayeweza kumfikia.

• Jambo la kumkumbukia, kama siku ya kliniki au ya kujifungua.

• Siku mliyosalimiana mara ya mwisho.

Kila Jumapili jioni, tazama ni nani hamjasalimiana kwa muda mrefu zaidi, umpigie. Usisubiri matanga.

Tahadhari: usiandike ugonjwa wa mtu bila ruhusa yake, kwani daftari huanguka na simu huibwa. Ya kwako mwenyewe, kama vile dawa unazotumia au zinazokudhuru, yaandike kwenye kile kikaratasi. Nakala ya majina iache kwa mtu unayemwamini.

Na leo kabla ya kulala, mgongee jirani yako mlango. Muulize jina lake kamili, nawe umpe lako.